Ubao wa Msikiti

Binti yangu Mwanamkuu ndiye aliyenianzishia haya. Arubaini ya mama yake ilikuwa imepita, akaja kunifagilia chumba, akajiinamisha chini ya kile kitanda kikubwa cha samadari, akasema kutoka huko huko, sauti imezibwa na godoro: "Baba, kuna ubao huku una kijumba juu yake. Ni wa nini? Niutoe nikautie motoni?" Nikamwambia uache hapo ulipo, usiuguse. Akatoka na utando wa buibui kichwani, akanitazama usoni, akaenda zake kuchemsha uji. Mimi nikabaki nimekaa juu ya kitanda na ubao uko chini yangu, na tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi. Wala si huzuni. Huzuni ya Esha, mke wangu, naijua, huja alasiri wakati wa kahawa, hukaa nami, huondoka. Hili ni jambo jingine, ni haya. Mtu wa umri wangu, meno sina, kuona haya kwa mambo ya ujana ni kichekesho, lakini uso unaniwaka nikiwa peke yangu, naufunika kwa kiganja na hakuna anayenitazama.

Kwetu ni wapi na baba yangu alikuwa nani sitasema, hayamfai mtu. Chuoni nilifika juzuu ya Amma, nikatoroka, na herufi hizi za Kizungu nimefundishwa na wajukuu wangu nikiwa na mvi, kwa hivyo nikiruka huku na kule mnivumilie. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, ule wa kabla ya vita vya Mjarumani, nilipokuwa kijana wa ndevu za kwanza nikifanya kazi ya chokaa kwa Fundi Shee.

Fundi Shee alikuwa fundi wa zidaka. Vijana wa leo wakisikia zidaka wanadhani ni vitundu vya kuwekea taa. Katika nyumba za wenyewe, matajiri wa Lamu mjini, chumba cha ndani kabisa kilikuwa na ukuta mzima wa chokaa iliyochongwa, kishimo juu ya kishimo, kila kishimo na ua lake, na ndani yake sahani za Kichina. Bibi harusi huketishwa mbele ya ukuta huo ndipo watu waingie kumwona. Chokaa hiyo huchongwa kwa kisu ikingali mbichi, na mkono ukikosea hakuna kufuta. Fundi Shee hakupima kwa fimbo. Alikuwa na uzi wake wenye mafundo, huukunja kiunoni, na ua alilolianza mlangoni lilizunguka pembe zote za chumba likarudi kukutana na mwenzake bila kupishana hata unene wa ukucha. Nimemwona akiuingiza ukucha wenyewe pale penye kiungo, akitafuta pengo, na halipo.

Mimi nilikuwa mchoma chokaa wake. Alipokubali posa yangu kwa binti yake Esha aliniambia, "Nimekupa. Lakini harusi ni siku utakayomaliza ukuta wako mwenyewe, kwenye nyumba ya mtu mwenye jina, watu waingie waulize huu ni wa nani, waambiwe ni wa Lali. Sitaki mwanangu aitwe mke wa mchoma chokaa." Na ukuta ulikwisha kupatikana. Bwana Zahidi, mwenye mashamba ya minazi na nyumba ya ghorofa karibu na msikiti, alikuwa akitengeneza ndani mpya, yaani chumba hicho cha zidaka, kwa harusi ya binti yake, na kazi yote alimwahidi Fundi Shee. Mimi nilikuwa nipewe ukuta wa upande wa choo. Mdogo, lakini ukuta. Usiku nilikuwa nikiuchonga hewani kwa kidole.

Tulikuwa tukila katika daka la nyumba ya Fundi, lile baraza la mlangoni, chini, penye harufu ya chokaa mbichi ambayo mpaka leo nikiisikia naona njaa. Mkate wa mofa, changu wa kuchoma, ndimu na pilipili. Sinia lilitolewa nyuma ya pazia na mkono. Mkono huo ndio Esha niliyemjua mwaka mzima: vidole, bangili ya fedha, na hina iliyokuwa ikififia toka Idi mpaka Idi. Siku moja tuko kwenye sinia akatokea Famau, mpishi wa Bwana Mkubwa wa Boma, yule Mzungu aliyeutawala mji wakati huo. Hata salamu hakuimaliza.

"Fundi, Bwana Mkubwa akwita. Ataka umjengee nti."

"Nti gani?"

"Nti! Milima, mito, muyi. Ya kuweka sakafuni."

Fundi akaendelea kutoa miiba ya samaki. "Ya kufanyia nini?"

"Ya kuteza zita. Ana askari wa risasi, na farasi wao, wadogo hivi, kama kidole. Daktari huya, na nahodha wa meli ya serikali huya, wakavua viatu wakalala tini kwa matumbo, wakapigana. Wallahi! Mimi huwaruka na trei ya chai. Mzinga wao hutupa kijiti, kikimpata askari akaanguka, basi amekufa, na wao hupiga kelele. Sasa milima yao ni mito ya kitanda. Bwana asema amechoka na mito."

"Ni watoto wake hao?"

"Ni wao wenyewe, Ami, na masharubu yao."

Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Nyuma ya pazia nikasikia na mwenye bangili anacheka. Fundi Shee hakucheka. Aliosha mkono, akaufuta polepole, akauliza, "Hiyo nti yake, aitaka kipande kimoja au vipande vipande?" Famau akasema vipande, ili kila siku iwe nchi nyingine. Nikaona macho ya mzee yamebadilika, kama macho ya mtu aliyesikia sufuria inafunuliwa chumba cha pili. Nilijua ameshakubali.

Sharti alilotoa ni moja, kwamba askari hawagusi. "Sanamu ni zake na hesabu yake ni yake," akasema. "Nti naweza." Tukaletewa mbao za masanduku ya mafuta ya taa, tukazikata za mraba, dhiraa kwa dhiraa, tukazipaka chokaa, na zote zikapasuka. Chokaa hushikana na mawe, haishikani na ubao, maana ubao hunywa maji ukavimba kisha ukasinyaa. Fundi akakaa akizitazama zile nyufa muda mrefu. Kesho yake akaja na tanga kuukuu, akalikata, akaligongomea juu ya mbao, akachanganya chokaa na nyuzi za makumbi zilizotwangwa, na haikupasuka tena. Vilima alivikata kwa kisu kile kile cha maua. Mto aliupaka nili, juu yake ute wa yai ili ung'ae. Majani ni manjano na nili, barabara ni mchanga wa Shela uliochekechwa kwa shela ya Esha, naye akatugombeza kutoka nyuma ya pazia. Mikoko niliifanya mimi, kwa mwani mkavu, na ilikuwa mizuri, nasema kweli, ungeitazama ungetafuta kaa.

Lakini akili yenyewe ilikuwa kwenye kingo. Fundi alitandaza uzi wake akaweka alama katikati ya kila upande. "Kila ubao," akasema, "ndia ingie hapa na itoke hapa, pande zote nne. Ukiugeuza huku, wakutana na mwenziwe. Ukiugeuza kule, wakutana. Nti yote ni ua moja." Alikuwa akizipanga sakafuni, akizipangua, akizipanga vingine, anacheka peke yake. Mzee yule, ambaye wenye nyumba walimpa kiti akiingia. Wapita njia wakaanza kusimama. Rafiki zangu wa gatini wakinikuta sokoni wananiita Muumba. "Lali, nasikia mnaumba nti. Basi isogezeni Kiunga karibu, nimechoka na kasia." Mwingine akasema, "Siyu usiisahau, nina deni la muhogo huko, itie mbali." Nilicheka nao. Nikirudi nyumbani ngozi ya uso inanibana kama chokaa inayokauka.

Ukabaki ubao wa mwisho. Bwana Mkubwa alitaka mji wa pwani wenye ngome, nyumba na msikiti. Ngome na nyumba Fundi alizifanya za kuinulika, mtu aweke popote. Msikiti akaujenga juu ya ubao wenyewe, chokaa na chokaa, haung'oki. Akaufunga na paa ili askari wa risasi wasitiwe ndani. Ukuta wa mbele akautokeza kile kibenjo, yaani mgongo wa mihrabu, kama misikiti yetu ilivyo kwa nje, hata kipofu angepapasa akajua kibla kiko wapi. Nami nikamwambia, "Ami, na huu ungeuacha uinulike. Wao watageuza mbao, msikiti utaelekea wapi?" Akanitazama kama niliyetukana. "Msikiti huinuliwa ukatiwa mfukoni?" Nikasema ni wa mchezo, Ami. Akasema, "Mihrabu nimeichonga. Mkono wangu hauyui mtezo."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, kama ni kosa. Mtu yule yule aliyefanya kila kitu kigeuke, akatia katikati yake kitu kimoja kisichogeuka, na hakumwambia mtu. Aliona hakuna haja ya kusema. Nani asiyejua?

Idi ikafika. Wazee wa mji walikuwa na ada ya kwenda Boma siku ya pili kumpa Bwana Mkubwa mkono wa Idi, na mwaka huo akatuita na sisi, Fundi Shee na mimi, tusimame ukutani tuonekane. Chumba cha juu kile nakiona mpaka leo. Dirisha la upande wa bahari liko wazi, jua limelala sakafuni, kuna harufu ya halwa na ya rangi ya viatu vya Wazungu. Wazee wamepangwa vitini na majoho yao, Bwana Zahidi wa kwanza, vikombe vya kahawa mikononi. Sakafuni iko nchi yetu. Sikuwahi kuiona yote pamoja, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nilijivuna. Mto umeshikana na mto. Mikoko yangu imesimama. Bwana Zahidi akanyoosha shingo akasema, "Mashaallah, Shee, hii ni kazi," nami nikauona ukuta wangu wa upande wa choo kama ninavyoiona karatasi hii.

Kisha Bwana Mkubwa akavua viatu, na daktari na nahodha wakavua vyao. Akaanza kuwaonyesha wazee vile nchi inavyobadilika, anachukua ubao huu anauweka kule. Akauchukua ubao wa msikiti, akauzungusha, akauweka. Barabara zilikutana vizuri sana. Mihrabu ikaelekea Shela, kusini.

Nilisikia vikombe vimetulia. Kibla chetu sisi ndiyo kaskazini yetu, mtoto akijifunza kutembea anakijua, na wale wazee wote, mashekhe wawili miongoni mwao, waliona kile nilichokiona. Wakatazama kahawa yao. Fundi Shee akasema kwa upole kutoka ukutani, "Msikiti huo, Bwana." Bwana Mkubwa akadhani anausifu, akaitika kwa kichwa, akaanza kupanga askari. Ndipo mzee akakunja kanzu yake nyeupe ya Idi, akapiga magoti, akaingia katikati ya vita. Alitambaa. Makalio yake yalikuwa yameelekea vitini kwa wazee. Goti lake likaangusha kikosi kizima cha farasi, nahodha akapiga ukelele, daktari akacheka mpaka akashika ubavu. Akafika, akauinua ubao, akaugeuza, akaurudisha.

Bwana Mkubwa alikuwa si mtu mbaya. Akatabasamu, akaugeuza tena alivyotaka yeye. Fundi Shee, yuko kwa magoti bado, akaurudisha tena. Nahodha akachukua askari mmoja wa risasi akamsimamisha juu ya kofia ya Fundi, na mzee hakujua, akainua uso na yule askari yuko juu na bunduki yake. Hapo mmoja wa wazee akacheka. Kisha wote. Bwana Zahidi akasema kwa sauti ya juu, "Shee, na tini ya meza kuna nti nyingine, tambaa na huko!" Famau akaweka trei chini asije akaiangusha. Mimi nilitazama boriti za dari. Nilizitazama kama mtu aliyeitwa kuzikagua, moja, ya pili, ya tatu, moto unapanda kutoka shingoni, na nilichokuwa nikikiomba ni kimoja tu, kwamba asinitazame, asiniite jina.

Bwana Mkubwa sasa alikuwa amechoka. Akasema kwa Kiswahili chake, "Fundi, wewe kusema mbao zote nageuka."

"Nti yote yageuka, Bwana," Fundi Shee akasema. "Huo haugeuki."

Akauchukua. Akasimama, askari akaanguka kofiani akalia ting' sakafuni, akautia ubao kwapani akatoka mlangoni. Katikati ya nchi pakabaki shimo la mraba, mbao za sakafu zinaonekana, na barabara zote zimefika ukingoni mwake zimesimama.

Nilimfuata. Hilo nililifanya. Lakini nilimwacha ateremke ngazi kwanza, nikamwacha avuke uwanja, na njiani nikaacha nyumba kadhaa kati yetu, nikisimama kusalimu watu, nikiulizia hali ya huyu na ya yule, kama mtu mwenye safari yake. Watoto wa Idi walimfuata wakiimba wimbo wa kumsimanga. Yeye alikwenda katikati ya njia, ubao kwapani.

Asubuhi ya pili nilikuwa ndani ya ukumbi nachekecha chokaa, na Bwana Zahidi akaja akakaa dakani na Fundi. Hakujua kuna mtu nyuma ya mlango. Walizungumza mvua kwanza, kisha nazi. Kisha Bwana Zahidi akasema, "Ile kazi ya ndani, Shee, nimempa fundi wa Pate."

"Kwani yangu umeiona na ila?"

"Haina ila." Akakohoa. "Yana tulikuwa vitini watu wazima, wenye elimu zetu. Tumeona kibula kimepinduliwa, tumenywa kahawa. Ukaondoka wewe. Nami nikakucheka kuliko wote, ulinisikia. Sasa chumba kile nitakiingia kila siku. Nitakaaye na kuta zako zanitazama?"

Nikamsikia Fundi Shee anapuliza kahawa. "Kuta ni nne, Bwana Zahidi," akasema. "Ungeketi ukazipa mgongo."

Bwana Zahidi alicheka, kicheko kibaya, kama mtu anayetapika, akaaga, akaenda. Nami nikasimama na chekeche mkononi na chokaa yote imeshapita. Yule tajiri aliweza kuja akakaa akalisema. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na nilichokifikiria kwanza, kabla ya mzee, kabla ya kibla, ni ukuta wangu.

Ukuta haukupatikana tena, pale wala kwingine. Vita vikaja, watu wakaacha kujenga, kisha wakaanza kununua makabati. Fundi Shee alinioza Esha bila ukuta. Aliniambia tu, "Sharti nimelitoa mimi, nami naliondoa," na mwaka uliofuata alikufa kwa homa, ubao wake Esha akautia chini ya kitanda chetu. Mimi nimeishi mchoma chokaa, na Esha akawa mke wa mchoma chokaa, na hakulisema hilo hata siku tulipogombana. Mara moja tu, tulikuwa tumeshazeeka, anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa: "Siku ile baba aliporudi na ubao nilikuwa dirishani juu. Nilimwona yeye apita. Kisha ndia ikawa tupu. Kisha nikakuona wewe." Akapuliza makapi. Akaniuliza kama chumvi imekwisha.

Jana nimeamua. Nilifikiri kwamba ubao ule, kwa nyumba tulizohama, na kitanda tulivyokisogeza kila paa lilipovuja, na mafagio ya miaka yote, utakuwa umelala ovyo, na kwamba angalau nikaugeuze, hata kwa kuchelewa. Nikashuka kwa magoti, magoti yakakataa, nikalala chini kwa tumbo. Kibla cha chumba hiki ni upande wa kabati. Nikasubiri macho yazoee giza. Rangi ya mto imekwisha, mikoko yangu imepukutika yote. Msikiti mzima. Na kile kibenjo cha mihrabu kilikuwa kimeelekea kabati, sawasawa, kama kilichopigiwa uzi.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nikabaki hivyo, shavu sakafuni. Mwanamkuu akaja na uji, akaona miguu yangu tu, akaogopa. "Baba! Wafanya nini huko tini?"

"Sifanyi kitu," nikamwambia. "Mamako ameshafanya."